Mkamwana Aliyepanda Lori la Mbao

Mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamsemeshi, hali chakula mbele yake, haingii chumba alichomo. Akimwona mbali njiani, yeye ndiye anayeiacha njia. Anaingia kwenye migomba au kwenye matope, anachutama, anajifunika kanga usoni na kungoja mpaka hatua za mzee zipotee. Wasichana wa Kinyakyusa katika milima ya kusini ya Mbeya walifunzwa hivyo kabla hawajavunja ungo, na ubatizo haukuilegeza sheria hiyo. Wachungaji wa miaka ile hawakuihubiri, wala hawakuthubutu kuikataza.

Damari, mke wa Asukile, aliishika kuliko mwanamke yeyote wa kilima chake. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, si mwepesi wa kucheka. Siku moja alikutana ghafla na baba mkwe wake, mzee Anania, penye daraja la magogo ambapo hapakuwa na kichaka cha kujificha. Alishuka mtoni na mzigo wa kuni kichwani, akasimama maji yakimfika kifuani, akageuza uso upande wa pili mpaka mzee alipokwisha vuka. Wanawake walilisimulia jambo hilo kwa majuma. Anania mwenyewe, aliyekuwa mzee wa kanisa na mwenye mibuni mingi, aliwaambia wenzake, "Nyumba yangu imepata mtu mwenye adabu." Kwa Anania hiyo ilikuwa sifa kubwa. Alikuwa mtu mgumu. Hakunywa pombe, hakukopesha, hakusamehe. Ukitaka kujua ukweli, yeye na mkamwana wake walifanana tabia, ila hawakuwahi kuzungumza hata neno moja ili wagundue.

Mwaka wa hamsini na tano Asukile alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya chai ya Mufindi, na Damari alikaa naye huko pamoja na binti yao mdogo, Tusekile. Akashika mimba ya pili. Tumbo likakua upesi mno. Alipofika mwezi wa saba alionekana kama mwenye mimba ya mapacha waliokwisha timia, na usiku hakuweza kulala ubavu wowote. Asukile akampeleka kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Iringa.

Mkunga wa pale aliitwa Apolonia, Mhehe, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimpapasa tumbo, akaenda kumwita daktari Mzungu. Damari akalazwa chini ya mashine, akapigwa ile picha inayoonyesha mifupa. Daktari aliishika picha mbele ya dirisha, akasema maneno machache, na Apolonia akayageuza kwa Kiswahili.

"Anasema mtoto ni mmoja tu. Lakini kichwa chake kimejaa maji. Angalia hapa. Hii mifupa ya fuvu ingekuwa imekaribiana. Imeachana."

"Maji yametoka wapi?" Damari aliuliza.

"Hajui. Anasema hutokea tu. Si kosa la mtu."

"Atakufa?"

Apolonia alimuuliza daktari, kisha akajibu bila kulipamba jibu. "Pengine atazaliwa hai. Hataishi sana. Lakini kichwa hiki hakiwezi kupita njia ya kawaida, mama. Ukijifungulia nyumbani mtakufa wote wawili. Mwezi wa nane ukiisha, uje ukae hapa usubiri. Utapasuliwa."

Asukile alikuwa amesimama mlangoni akizungusha kofia mikononi. Angeweza kusema palepale: mke wangu atakaa Mufindi, na mwezi ukiisha nitamleta. Kutoka Mufindi hadi hospitali ni safari ya siku moja. Badala yake alisema, "Hili la kupasua lazima baba aambiwe kwanza."

Nimesikia watu wakimtetea Asukile kwa maneno hayo. Eti kijana aliheshimu wazazi. Mtu asiyeweza kuamua mkewe aishi mpaka aombe ruhusa hana heshima, ana woga. Alimrudisha Damari kilimani kwa baba yake, akakaa siku mbili, akaeleza habari huku akitazama chini, kisha akawahi kurudi kwenye chai kabla nafasi yake haijachukuliwa na mtu mwingine. Mke na binti akawaacha huko.

Baraza lilifanyika nyumbani kwa Anania. Mkamwana hawezi kukaa mbele ya baba mkwe, kwa hiyo Damari aliketishwa nje, nyuma ya ukuta wa mianzi, na wazee wakaketi ndani. Kila neno alilisikia. Hata hivyo desturi ilitaka aulizwe kupitia kwa mama mkwe wake, ambaye watu walimwita Mama Asukile, naye alisimama mlangoni akigeuka huku na huku.

"Mwulize," alisema Anania ndani, "ni lini alikutana nami akaniangalia."

"Baba yako anauliza ni lini ulikutana naye ukamwangalia."

"Mwambie sikumwangalia."

"Anasema hakukuangalia."

"Tumbo haliwi hivi bure. Uso wa baba mkwe ukitazamwa, mtoto huvimba. Mwulize pale kwenye kinu cha kukoboa kahawa, alipokuja mwaka jana kusaidia mavuno."

"Pale kwenye kinu..."

"Nimesikia, mama. Mwambie nilikuwa nimejifunika. Na wakati ule mimba hii haikuwapo."

Mzee mmoja akacheka kidogo, akanyamazishwa kwa kukohoa. Anania hakucheka. Alisema, "Ana majibu. Mwambie ni hivi. Aungame mbele ya wanawake wa kanisa kwamba aliivunja heshima. Nitachinja ng'ombe, tutaomba, kisha aende huko kwa Wazungu akapasuliwe, simzuii. Asipoungama haendi, maana hata akipasuliwa, kosa litabaki ndani ya ukoo na litawarudia wengine."

Ukitazama vizuri utaona kwamba mzee hakuwa akimzuia kwa ukatili mtupu. Aliamini alichosema, na hicho ndicho kilichomfanya awe wa hatari. Mkatili anaweza kuchoka. Aliyeamini haachi.

Mama Asukile akainama kwa mkamwana wake, na safari hii akaongea kwa sauti ya kunong'ona. "Sema tu ndiyo, mwanangu. Neno moja. Nani atakuuliza tena?"

"Mungu," alisema Damari. "Sikumwona, mama. Nikisema nilimwona, nitakuwa nimemdanganya Mungu ili nile nyama."

"Usiwe na kiburi na tumbo kama hilo."

"Tumbo ni la maji. Kiburi sina."

Kuanzia siku hiyo kilima kizima kilimgeuka. Hawakumpiga, hawakumnyima chakula. Walimfanyia mambo madogo madogo, ambayo mtu akiyashtaki huonekana mjinga. Akifika kisimani, waliokuwapo walijitwika ndoo zikiwa nusu. Kanisani benchi lake lilibaki tupu upande huu na upande ule. Mjamzito mmoja, rafiki yake wa darasa la ubatizo, alimwambia wazi, "Damari, usikae karibu nami. Sitaki yangu ijifunze kutoka kwa yako." Wengine walisema ile picha ya mifupa ndiyo iliyokivimbisha kichwa, kwamba Mzungu alimulika na mtoto akashtuka. Ukiwauliza walisoma wapi habari hizo, walikuambia kila mtu anajua. Sijapata kuona maneno mabaya kuliko hayo matatu, "kila mtu anajua." Watu hujificha nyuma yake kama wezi nyuma ya ghala.

Mwezi wa nane wa mimba ukakaribia kuisha. Mvua za masika zilikuwa zimekata barabara ya kuteremka mjini, na basi halikupanda kilimani majuma mengi. Damari alijaribu kutembea. Alifika kwenye makaburi ya kanisa, miguu ikakataa, akarudi akijishikilia kwenye ua wa kila nyumba, na hakuna aliyetoka kumsaidia.

Ndipo lilipokuja lori la mbao.

Kanisa lilikuwa likiezekwa upya, na Anania ndiye aliyesimamia kazi hiyo. Mbao ziliagizwa kwenye kiwanda cha kupasua magogo huko Mafinga. Dereva aliyezileta alikuwa Marcelino, Mhehe wa Tosamaganga, Mkatoliki mwenye meno yaliyopishana na maneno mengi. Alikuwa amefunga minyororo kwenye magurudumu na kupita mahali basi lilipokwama. Wanaume wa kanisa walishusha mbao uani kwa Anania. Ilikubaliwa kwamba mzee mwenyewe angerudi na lori hadi Mafinga kuchagua mbao zilizobaki, kwa sababu shehena ya kwanza ilikuwa na mafundo mengi na hakumwamini mtu mwingine kuzikagua. Akaingia ndani kubadili viatu.

Damari alitoka nyuma ya jiko. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, na chini ya kwapa amebana furushi. Alipita katikati ya wanaume wenye mbao mabegani, akamsalimu dereva.

"Kamwene, bwana dereva."

"Kamwene, mama. Mnyakyusa unanisalimu Kihehe? Leo nitapata ajali."

"Unapita Igawa?"

"Igawa, halafu moja kwa moja Mafinga."

"Mafinga kuna basi la Iringa. Nibebe. Nakwenda hospitali."

Marcelino alilitazama tumbo lile na mzaha ukamtoka usoni. "Panda, mama. Mlango huo unabana, uvute kwa nguvu."

Mwanamume mmoja akashusha ubao wake, akasema taratibu, "Dereva, hapo amekodi mzee Anania."

"Mzee atakaa dirishani. Nafasi ipo."

"Hukuelewa. Huyo ni mkamwana wake."

"Sasa si vizuri? Atamshika mkono kwenye mashimo."

Hakuna aliyecheka. Damari alikuwa amekwisha panda. Aliketi katikati, karibu na usukani, akaweka furushi miguuni. Kanga aliyojitanda alikuwa ameishusha mabegani.

Anania alitoka na kofia yake na mwavuli. Alifika hatua chache kutoka lori, akaona kilichomo ndani, akaligeuzia lori mgongo upesi. Alisema na mkewe kwa sauti ambayo ua wote uliisikia. "Mwambie ashuke."

Mama Asukile alikuja mlangoni pa lori, amemshika Tusekile mkono. "Shuka, mwanangu. Usituaibishe mbele ya watu wa kanisa."

"Mwezi umekwisha, mama."

"Shuka, tutatafuta njia nyingine."

"Ipi?"

Anania alisema, mgongo wake ukiwa bado umegeuka, "Dereva, gari hili nimelikodi mimi. Haliondoki na mtu huyo."

"Mzee wangu," alisema Marcelino, "ulinikodi kuleta mbao. Kurudi ni kwa tajiri wangu, na wewe nilikupa nafasi kwa heshima. Kule kwetu tunamkimbia mama mkwe, najua mambo haya, sicheki. Kaa juu nyuma basi, yeye akae mbele. Hamtaonana."

"Katika safari moja, ndani ya gari moja? Niketi nyuma kama gunia, yeye mbele kama bibi arusi?"

"Au yeye akae nyuma," alisema mtu.

"Na tumbo lile, kwenye mashimo yale?" alisema Marcelino. "Nitafika Igawa na maiti. Mimi hapana."

Hapo ndipo Damari alipoivunja sheria. Hakuivunja kwa bahati mbaya kama walivyomsingizia kwenye kinu. Aliivunja kwa kusudi, mchana, mbele ya mashahidi. Alitoa kichwa dirishani, akamtazama baba mkwe wake na kumsemesha.

"Baba. Panda nyuma, au baki. Mimi nakwenda, sitaki kufa."

Wanaume waliokuwa na mbao walitazama chini. Anania aligeuka. Nadhani hakukusudia kugeuka. Kwa mara ya kwanza tangu arusi waliangaliana, na kila mmoja aliona sura ya mtu aliyekuwa akimkimbia siku zote. Uso wa mzee ulibadilika rangi. Akamwambia yeye mwenyewe, bila mkewe katikati, maana hapakuwa na kitu kilichobaki cha kulindwa.

"Ukivuka daraja lile, wewe si mkamwana wangu. Usirudi. Na binti wa Asukile habebwi katika gari hilo. Ni wa ng'ombe wangu wa mahari."

Damari alimnyoshea Tusekile mikono dirishani. Mtoto akataka kwenda. Mama Asukile akamvuta nyuma na kumzungushia mikono yote miwili kifuani, na huku analia.

"Mama, nipe mtoto."

"Shuka umchukue."

Marcelino alikaa na mikono juu ya usukani. Baadaye alisimulia kwamba alingoja muda mrefu kwa sababu hakutaka uamuzi ule uwe wake. "Mama," alimwambia, "niwashe au nisiwashe?"

"Washa," alisema Damari.

Anania alibaki uani na mwavuli wake uliokunjwa, mvua ikimnyeshea.

Huko Igawa Marcelino alimnunulia chai, naye hakuinywa. Alifika Mafinga, akalala kwa mke wa mlinzi wa kiwanda, kesho yake akapanda basi, na alipofika hospitali Apolonia alimgombeza kwa kuchelewa kabla hajamwuliza lolote. Alipasuliwa juma hilohilo. Mtoto alikuwa wa kiume. Uso wake ulikuwa mdogo na mzuri, na juu yake kichwa kikubwa ambacho mama hakuweza kukiinua kwa mkono mmoja. Macho yalielekea chini muda wote. Padri alimbatiza kwa jina la Eliezeri. Damari hakuwa Mkatoliki, lakini hakubishana. Alimnyonyesha kwa shida, akikilaza kichwa juu ya mto.

Asukile alikuja mtoto akiwa bado hai. Alikuwa amepitia kilimani kwanza. Jambo hilo peke yake linatosha kumhukumu. Mkewe amepasuliwa Iringa, yeye yuko Mufindi, naye anakwenda Mbeya kwanza kupokea maagizo. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba anasema uombe radhi."

"Kwa lipi?"

"Ulimtazama. Ulimsemesha mbele ya wanaume."

"Hilo ni kweli. Nilifanya, na nitaomba radhi, hata kwa magoti. Niletee Tusekile."

"Anasema pia ukiri lile la kwanza. La kwenye kinu. Kwamba ndilo lililomharibu huyu."

Damari alimtazama Eliezeri. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mtoto wa baba yangu."

"Huyu ni wa nani?"

Asukile alizungusha kofia. "Sema tu, Damari. Ukisema, yote yanakwisha. Tusekile unampata, nyumba unaipata. Ni maneno tu."

"Nikisema, mwanangu huyu atakuwa amezaliwa hivi kwa kosa la mama yake. Daktari amesema si kosa la mtu. Siwezi kumzika na uongo."

"Basi utakaa peke yako."

"Mchukue walau umpakate kabla hujaondoka."

Hakumpakata. Alisema basi litamwacha.

Eliezeri alikufa kabla mahindi ya mwaka huo hayajavunwa, akazikwa karibu na hospitali. Jeraha lilipopona Damari alikwenda kilimani kumdai binti yake. Wanawake walimfungia milango, naye akakaa barabarani hadi jioni. Alifikisha shauri barazani kwa chifu. Wazee wa baraza waliuliza jambo moja tu, kama ng'ombe wa mahari walitolewa. Walitolewa. Basi mtoto ni wa upande wa baba, wakasema, na mama mwenyewe ameondoka kwa miguu yake. Mmoja wao alimwuliza kwa kejeli kwa nini hataki kuungama jambo dogo kama lile, aliyekwisha fanya kubwa mbele ya ua mzima. Alijibu kwamba lile kubwa alilifanya, na dogo hakulifanya. Barazani wakacheka.

Wako waliosema, na bado wapo, kwamba mama mwenye mapenzi angetamka uongo ule na kumchukua mtoto wake. Huwa wanasema hivyo wakiwa wameshiba. Wangemrudisha kwenye kilima ambako kila mwanamke angekuwa na haki ya kumwita mwuaji wa mwanawe, kwa kuwa amekiri mwenyewe. Wangemlea Tusekile katika neno hilo. Mimi sioni kwamba alikosea, na wala sisemi hivyo ili kumfariji mtu. Anania alikosea, na baraza lilikosea. Asukile alikosea kuliko wote, kwa sababu yeye peke yake alijua ukweli na aliweza kuusema bila kudhurika.

Damari aliajiriwa kufua mashuka ya hospitali. Anania hakumtaja tena, na kanisa likaezekwa kwa mbao nzuri za Mafinga. Asukile alioa mke mwingine. Tusekile alilelewa na bibi yake, akafundishwa kwamba mama yake alimwacha ili apande lori. Alipoolewa, mama yake hakuitwa. Damari alibaki hai, na uhai huo ulimgharimu binti yake.